Mafungu manane ya nyumba ya Jambiani

Nyumba yetu ya Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, tunaikodisha kwa wageni. Ina vyumba vitatu vya kulala, baraza ya mbele, ua wenye kisima, na mafungu manane. Vyumba na baraza wageni huviona kwenye picha kabla hawajalipa. Mafungu hayamo kwenye picha yoyote, na kwangu mimi ndiyo nyumba yenyewe. Marehemu baba aliacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mirathi ya Kiislamu inampa mke thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki wanagawana watoto, mwanamume fungu mbili, mwanamke fungu moja. Chukua kalamu upige hesabu: mama moja, sisi mabinti moja moja, kaka zetu mbili mbili. Yanatimia manane, hapana kipande cha kukata. Kazi yangu ni kuweka hesabu katika ofisi moja hapa Mjini, na nimeona mirathi za watu zilizolala mpaka warithi wenyewe wakafa, wakaingia wajukuu, fungu la mtu likawa halifikii hata nauli ya kwenda kulidai. Yetu ilikuwa nyepesi. Kilichobaki ni kukubaliana tuifanyeje.

Dalali alitufikia kabla ya arubaini ya baba. Alikuwa na mteja wa kigeni aliyekitaka kiwanja tu, na nyumba angeivunja. Bei aliyoitaja ilikuwa milioni 120, yaani milioni 15 kwa kila fungu. Kwa familia ambayo baba alikuwa mwalimu wa skuli na mama alilima mwani, fedha hizo zinanyamazisha chumba kizima. Kaka mkubwa ana watoto wawili chuo kikuu Dar es Salaam. Kaka mdogo alikuwa na deni la gari. Walitaka kuuza na sikuwalaumu hata siku moja, maana shida ya mtu anaijua mwenyewe. Ila nilijua kwamba tukishauza, hakuna kitakachotuita Jambiani tena isipokuwa maziko.

Niseme kidogo kuhusu sheria, kwa sababu hata Wazanzibari wenzangu huniuliza. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992 inampa Mzanzibari haki ya kuitumia, haki ambayo anaweza kuirithisha, na anaweza kuiuza akifuata taratibu. Mgeni haipati haki hiyo. Yeye hukodishwa ardhi na Serikali kwa miaka maalumu, mara nyingi 33 kwa kuanzia, na mradi wake lazima ukubaliwe kwanza. Sheria ya kondominio ya 2010 ilimfungulia mlango mwengine: anaweza kununua fleti katika miradi iliyoidhinishwa, kama ile ya Fumba. Kwa hiyo mteja wa yule dalali hangenunua kwetu kama unavyonunua gari. Sisi tungeiachia haki yetu, kisha Serikali ndiyo imkodishe yeye.

Mgeni wetu mmoja, mzee wa Kiingereza mwenye nyumba ya mapumziko Barbados, alishangaa sana nilipomweleza haya tukiwa barazani. Kule Barbados, mgeni ananunua nyumba pamoja na ardhi yake. Kinachotakiwa ni fedha alizoingiza zisajiliwe Benki Kuu ya Barbados ili siku akiuza aweze kuzitoa nje. Akaniuliza kama hatuoni kwamba tunajinyima wanunuzi. Nikamwambia kwamba kutoka Nungwi mpaka Kizimkazi ni safari ya asubuhi moja kwa gari, na katika ufukwe huo mfupi mna mahoteli, madau, mashamba ya mwani, makaburi ya watu na watoto wanaozaliwa kila siku. Naiamini sheria yetu katika hili, pamoja na upungufu wake. Upungufu ni kwamba inamzuia mgeni kumiliki, lakini haimzuii mwenyeji kujiondoa mwenyewe.

Basi nikawaomba kaka zangu muda. Niliwaambia: bei ya dalali nataka niilipe mimi, lakini siiwezi, naweza milioni 12 kwa fungu, na siwezi kwa mkupuo. Tulikaa kikao nyumbani kwa mama, Mwanakwerekwe, baada ya sala ya Isha. Kaka mkubwa alikubali kulipwa kidogo kidogo kufuata karo za watoto wake. Kaka mdogo alitaka fungu moja kwanza alipe deni la gari, la pili lisubiri. Dada mkubwa aliniuzia la kwake kwa sababu anaishi Muscat na hakuwa na hamu ya hesabu za nyumba. Dada mdogo akasema haliuzi. Mama naye tulipomuuliza alituangalia mmoja mmoja, kisha akasema: “Mimi nina thumni yangu, wanangu. Nikija nitalala kwenye thumni yangu.” Kwa hiyo mimi nina mafungu sita, mama moja, dada mdogo moja, na kila shilingi inayobaki baada ya gharama tunaigawa kwa nane.

Fedha nilizipata kwa akiba, kwa upatu wa wenzangu ofisini, na kwa dhahabu ambayo bibi alinipa nilipoolewa. Mkopo wa riba sikuutaka. Kwa matengenezo nilitumia murabaha: benki inanunua saruji, mbao na mabomba, inakuuzia kwa faida mliyoandikiana tangu mwanzo, nawe unalipa polepole. Ni ghali kidogo kuliko kununua dukani na fedha mkononi, lakini usiku unalala.

Makaratasi ndiyo yaliyochukua nguvu zaidi ya fedha. Kwanza mirathi ithibitishwe na mafungu yaandikwe, kazi ambayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inaifanya na inaijua. Kisha warithi wote waridhie mbele ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na mashahidi, ikiwa ni pamoja na dada wa Muscat aliyelazimika kutuma hati ya uwakala yenye muhuri. Kisha kipimo cha kiwanja, usajili wa ardhi, na kibali cha kuhaulisha, yaani kuihamishia haki kwa mtu mwengine. Watu wanaona tabu, wanaishia kwenye karatasi ya sheha peke yake, wanapeana mikono. Nawasihi msiishie hapo, hata kama muuzaji ni ndugu wa tumbo moja. Nilinunua mafungu ya kaka yangu nikiwa nampenda, na kwa sababu nampenda nilitaka watoto wake na wangu wasije wakasomeana barua za mawakili.

Mpimaji alipokuja ndipo tulipokumbuka minazi. Kwetu Unguja ardhi inaweza kuwa na mwenyewe, na mti uliosimama juu yake ukawa na mwenyewe mwengine. Kiwanja chetu kina minazi minne, na miwili kati ya hiyo ni ya jirani, bibi mmoja ambaye marehemu mumewe aliipanda kwa ruhusa ya babu yetu. Hakuna karatasi ya miti ile, lakini mtaa mzima unaijua. Yule dalali hakuigusa hata kwa neno moja alipotaja bei. Fikiria mgeni angenunua, akakata minazi ya bibi wa watu akidhani ni yake! Sisi tulikwenda kwa bibi na mama akiwa mbele, tukaamkiana, tukanywa chai, tukakubaliana kama ilivyokuwa zamani: mkwezi wake ataingia uani wakati wa kuangua, na makuti yote ya minazi ile atayasuka yeye na binti zake, sisi tutayanunua kwa kuezekea banda. Maneno hayo tuliyaandika, sheha akasaini.

Ikabidi na wageni waambiwe. Kwenye maelezo ya nyumba mtandaoni nimeandika wazi kwamba mara kwa mara mtu atapanda mnazi uani asubuhi, na kwamba mnazi ni wake. Wapo walioniandikia kuuliza kama ni salama. Wengi zaidi wananiandikia baadaye kusema kuwa watoto wao walipewa madafu na hawaachi kulisimulia jambo hilo.

Kuhusu jengo. Baba aliijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za mkono mzima, na katika miaka yake ya mwisho fundi mmoja alimpigia lipu ya saruji kwa nje. Saruji na jiwe la pwani havikai pamoja. Ukuta wa mawe unavuta unyevu kutoka chini, na unyevu huo una chumvi. Chokaa inaupumulisha, saruji inaufungia ndani, mpaka siku moja lipu inabanduka na vipande vya jiwe. Tuliibandua yote, tukarudishia chokaa. Fundi wetu ni mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye majumba ya Mji Mkongwe, na alinikataza kupaka rangi ya mafuta hata kwenye ukuta wa choo. Misumari, bawaba na komeo nilinunua za chuma kisichoshika kutu kwa bei iliyonitoa jasho, kwa sababu upepo wa bahari unazila hizi za kawaida ndani ya misimu michache. Paa la nyumba ni bati na ndani dari ya mbao. Makuti nimeyaacha kwenye banda la kupumzikia tu. Wageni wanapenda makuti, nami pia, lakini yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache na moto ukiingia hauna subira.

Kiyoyozi hakuna. Pana pangaboi kila chumba, vyandarua vipana, na madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite. Kuta zile zinatunza baridi mpaka alasiri. Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, ninaununua kwa simu nikiwa Mjini, na mita inaniambia kama mgeni ameacha taa na pangaboi akaenda Mji Mkongwe.

Maji ni jambo ambalo nalisema kwa uchungu. Kisima chetu kina chumvi. Kinafaa kwa kuoshea na kusukumia choo. Maji ya bomba huja kwa saa, tunayahifadhi kwenye tangi. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha utafiti wake kuhusu pwani hii ya mashariki, akakadiria kwamba mtalii mmoja hutumia wastani wa lita 685 kwa siku. Mwenyeji hakufikia hata lita 50. Sehemu kubwa ya maji ya mahoteli ilikuwa inamwagiwa bustani, kwa sababu mchanga wa pwani hauzuii kitu. Nilipoisoma nambari hiyo nilimfikiria mama akiteka kwenye kisima cha mtaa tulipokuwa wadogo, ndoo moja ya kupikia, moja ya kuogea watoto watano. Basi nyumba yetu haina bwawa la kuogelea na haitakuwa nalo. Bustani ni mikadi, asumini na mlangilangi, miti inayojua kusubiri mvua. Bafuni nimeweka bomba la mvua dogo na ndoo yenye kata, na karatasi inayoeleza maji yanatoka wapi. Wenzangu wenye nyumba za kukodisha wanasema bila bwawa napoteza wageni. Ni kweli, napoteza. Bahari iko hatua chache kutoka mlangoni.

Na bahari yenyewe inataka maelezo. Mgeni anafika mchana, maji yamekupwa, anaona mchanga na majani mpaka kwenye miamba mbali, anadhani amedanganywa na picha. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanatoka mbali mno na yanaporudi yanagonga ukuta wa chini. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Kila anayelipa namtumia ratiba ya kupwa na kujaa kwa siku zake, nikiwa nimemwandikia saa za kuogelea na saa za kutembea mpaka mwambani pamoja na mtoto wa ami, anayejua wapi pana pweza na wapi pana miiba ya urumba. Tangu nianze kufanya hivyo, malalamiko ya bahari kuondoka yamekwisha. Wanaotaka kuona jua likizama nawaambia mapema kwamba sisi tunatazama mawio. Kwa machweo waende Michamvi Kae.

Maji yakikupwa ndipo kina mama wanaposhuka kwenye mwani. Kilimo hiki kilianza huku kibiashara mnamo 1989, na kwa nyumba nyingi za Jambiani na Paje ndicho kilichosomesha watoto, mimi nikiwemo. Vijiti vile na kamba zile ni shamba la mtu. Sharti langu la kwanza kwa mgeni, kabla ya sharti la funguo, ni kwamba haruhusiwi kupita katikati ya kamba, wala kumpiga picha mwanamke aliyeinama kazini bila kumsalimia na kumuomba. Ukimuomba mara nyingi atakubali, na pengine atakuonyesha namna ya kufunga. Mama yangu alipigwa picha maisha yake yote na watu asiowajua, na hakuna aliyewahi kumwamkia.

Masharti mengine ni machache. Ufukweni vaa upendavyo, njiani kuelekea dukani jisitiri. Pombe hatuuzi wala hatuiweki nyumbani. Mwezi wa Ramadhani tunawaeleza wageni kwamba watakula uani na wasitembee na chupa ya maji mtaani mchana, na jioni jirani huwaletea futari: maharage ya nazi, mihogo, tambi, mkate wa kumimina. Wageni wa Ramadhani ni wachache, lakini ndio wanaorudi.

Kazi ya kila siku inafanywa na mtoto wa ami na mkewe. Tunawalipa mshahara wa mwezi, msimu uwepo usiwepo, na mke analipwa kando kwa kila chakula anachopika. Hili nilisisitiza katika kikao kile kile cha mafungu, kwa sababu najua jinsi ndugu wa shamba wanavyofanyishwa kazi kwa “ahsante” na nguo za sikukuu. Mkate tunanunua nyumba ya tatu, samaki kwa wavuvi wa mtaa, na baskeli za kukodi kwa kijana wa njia ya pili.

Sasa fedha, maana ndizo watu wanazoniulizia zaidi. Bado nawapata wageni wengi kupitia Airbnb na Booking.com, na wote wawili hukata chao. Leseni inatoka Kamisheni ya Utalii, kodi zinakwenda Mamlaka ya Mapato Zanzibar, pamoja na tozo ya kila usiku mgeni anaolala. Sajilini nyumba zenu, msipangishe kwa kificho. Mgeni akiumia katika nyumba isiyosajiliwa hutakuwa na pa kusimama. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni kutoka nje ya Tanzania anatakiwa pia awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyengine ya kwao. Mwambieni kabla hajapanda ndege. Akikutana nayo uwanjani kwa mara ya kwanza atafika kwako amenuna.

Nyumba hulala wageni chini ya nusu ya siku za mwaka. Msimu ni Julai mpaka Septemba, kusi linapovuma na Ulaya wako likizo, kisha Disemba mpaka Februari wakati wa kaskazi. Wapenzi wa tiara za baharini wanaufuata upepo huo huo kutoka Paje. Masika, Aprili na Mei, tunafunga. Ukiondoa mishahara, umeme, maji, kodi, ada za mitandao na akiba ya matengenezo, mwaka mzuri kila fungu linapata kiasi cha milioni moja na nusu. Pigeni hesabu nyinyi wenyewe: ile milioni 15 ya dalali ingechukua miaka kumi mizuri kuifikia. Na miaka yote si mizuri. Mwaka 2020 mwezi wa Machi wageni walighairi mmoja baada ya mwengine, na hata anga la Tanzania lilipofunguliwa tena Mei 18 ilipita miezi kabla ya mlango kugongwa. Kaka mkubwa alikuwa bado ananidai. Nilimpigia simu, akanijibu, “Dada, nyumba haiendi popote, na mimi siendi popote.” Mteja wa dalali hangenipa jibu hilo.

Kwa hiyo siwaambii kwamba mtatajirika. Ukiwa na mgonjwa wa kupelekwa India, ukiwa na deni linalokunyima usingizi, fedha za mkupuo zina haki yake. Ninachowaomba wenye viwanja vya urithi pwani ni kwamba, kabla ya kumjibu dalali, mmoja katika familia apewe nafasi ya kununua mafungu ya wenzake kwa bei ya kindugu na kwa muda wa kindugu. Wapo wengi wetu Mjini, Dar na Ughaibuni wenye uwezo huo, na tunanunua viwanja vya mbali tusivyovijua ilhali nyumba za wazee wetu zinavunjwa.

Siku za Sikukuu zote mbili za Idi nyumba haipangishwi, wala wiki ya kwanza ya likizo ya skuli. Tarehe hizo nazifunga kwenye kalenda ya mitandao mwaka mmoja mbele. Hapo huja ndugu zangu na watoto wao, waliouza na wasiouza, na tunalala mikekani kwa sababu vitanda havitoshi. Niliwaandikia kwenye mkataba wa mauzo kwamba haki hiyo wanayo wao na watoto wao. Mwanasheria alisema kifungu kama hicho hajawahi kukiandika. Alikiandika.

Jambo moja bado halijakwisha. Kiwanja cha jirani upande wa kusini kimekodishwa kwa mwekezaji, na ukuta wake mpya umeziba njia iliyokuwa ikitoka msikitini mpaka ufukweni, ile waliyopita wavuvi na kina mama wa mwani tangu mimi sijazaliwa. Sasa wanazunguka mbali na magunia mabichi kichwani. Wazee wamekwishatoa ushahidi kwa sheha kwamba njia ipo, na tumeomba ipimwe na iingizwe kwenye ramani kama njia ya umma. Sisi kwa upande wetu tumekubali kutoa futi tatu za kiwanja chetu ikiwa itasaidia njia ipanuke. Mpimaji ameahidi kuja baada ya Sikukuu. Yeyote wa Jambiani mwenye picha ya zamani ya harusi, ya maulidi au ya mazishi inayoonyesha njia ile na minazi yake, tafadhali aifikishe kwa sheha au nyumbani kwa mama kabla ya siku hiyo. Nakala inatosha, picha yenyewe tutairudisha.